Je, Yafaa Mtoto Afundishwe Mieleka?

Msomaji mpenzi, tuseme kuwa mdogo wako wa miaka minane anakujia jioni moja na kukuambia kuwa ameanza kufundishwa mieleka. Asema kuwa juma hili wamejifunza kumshika mwenzi ukosi, kumyumbisha, kumtega mguu na kumlaza chini. Macho yake yanang'aa kwa furaha. Utamwambia nini? Utafurahi pamoja naye, au utakwenda kumwuliza mwalimu kwa nini anampa mtoto mdogo ujuzi wa kuwaangusha watoto wenzake?

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Kila siku twamwambia mtoto asipigane. Akirudi nyumbani na shati lililochanika, twamkemea kabla ya kumwuliza kisa. Basi twawezaje kumkataza kwa mkono wa kulia na kumfundisha kwa mkono wa kushoto? Watu wenye busara hawakupatana juu ya jambo hili, na yafaa tulipime pamoja bila haraka. Tuanze na wale wanaokataa, maana wana haki ya kusikilizwa.

Wao wasema hivi. Kwanza, nguvu ni kama panga: humfaa mkulima, lakini haiachwi mikononi mwa mtu ambaye bado hajui kukipima kitendo chake. Pili, mwili wa mtoto ni mchanga; shingo yake ni nyepesi na kichwa chake hakikuumbwa kwa kubwagwa sakafuni. Tatu, ushindi hulevya. Mtoto aliyezoea kumtazama mwenziwe akiwa chini, huenda akazoea pia kumdharau.

Hoja hizi si za woga mtupu, na ushahidi wake upo. Tuutazame katika nchi ya Japani, ambako mieleka iitwayo judo ilizaliwa, na ambako watoto wamefundishwa judo shuleni kwa miaka mingi. Katika muda wa miaka thelathini hivi tangu 1983, wanafunzi zaidi ya 100 walikufa kwa ajali za judo katika shule za nchi hiyo. Wengi walikufa kwa majeraha ya kichwa, na wengi walikuwa wageni katika mchezo, waliokuwa bado katika mwaka wao wa kwanza wa mafunzo. Wazazi waliofiwa walipaza sauti zao, wakadai kanuni za usalama zikazwe. Ukiisoma habari hii, huwezi tena kusema kwa wepesi kuwa mchezo ni mchezo tu. Kila mmoja katika hao alikuwa mtoto wa mtu, aliyetoka nyumbani asubuhi akiwa mzima.

Walakini mtu mwenye haki hahukumu kabla ya kuuliza mchezo huu ulikusudiwa kuwa nini. Mwanzilishi wake aliitwa Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa kijana mdogo wa umbo na dhaifu wa mwili, na wenzake wenye nguvu walimwonea. Akatafuta walimu wa mieleka ya kale, akajifunza kwao kwa bidii. Mwaka 1882, akiwa bado kijana, alifungua darasa lake mwenyewe katika hekalu moja la mji wa Tokyo, mahali penye nafasi ya mikeka 12 tu. Kazi yake ya maisha ilikuwa ualimu; kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu. Kwa hiyo judo haikutungwa na askari anayetafuta njia ya kuua, bali na mwalimu anayetafuta njia ya kulea.

Jina lenyewe maana yake ni njia ya ulaini. Kano aliieleza maana hiyo kwa hesabu ambayo kila mwanafunzi aweza kuifuata. Tuseme nguvu za mshindani wako ni 10, na zako ni 7. Akikusukuma nawe ukashindana naye kifua kwa kifua, utaanguka, maana saba haiwezi kumi. Lakini ukimpisha wakati anaposukuma, yeye atapepesuka mbele kwa nguvu zake mwenyewe. Katika nukta ile ya kuyumba, nguvu zake zinazobaki ni 3 tu, nawe ungali na 7 zako zote. Sasa nusu ya nguvu zako inatosha kumwangusha. Wazee wetu walisema, mwenye nguvu mpishe. Kano aliligeuza jambo la kupisha likawa si kukimbia, bali akili.

Aliwaachia wanafunzi wake kanuni mbili. Ya kwanza ni kuzitumia nguvu zako kwa njia iliyo bora. Ya pili ni kustawi pamoja, wewe na mwenzako. Nakuomba uishike kanuni hii ya pili, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa swali letu.

Tazama jinsi darasa jema linavyoendeshwa. Watoto huinamiana kwa heshima kabla ya kushikana, na huinamiana tena wakiachana. Siku za kwanza hapana mtu anayeangushwa. Wanajifunza kuanguka. Mtoto huchuchumaa, hujiviringa nyuma, hukiweka kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, hukunja mgongo uwe kama upinde, na hupiga mkeka kwa mkono wake ili kishindo kitawanyike. Hurudia hivyo mara mia, akiwa amechuchumaa kwanza, kisha akiwa amesimama. Somo la kumwangusha mwenziwe halijafika bado.

Katika mpango huu mna hekima kubwa. Anayejifunza kuanguka kabla ya kuangusha ameonjeshwa uchungu wa sakafu kabla ya utamu wa ushindi. Akimnyanyua mwenzake kesho, mwili wake mwenyewe utamkumbusha kinachomngojea yule aliye mikononi mwake.

Kisha liko jambo la pili. Mtoto aliyebanwa asiweze kujinasua hupiga kofi mara mbili, juu ya mkeka au juu ya mwili wa mwenziwe. Maana yake ni: nimeshindwa, niachie. Na aliyembana sharti aachie papo hapo. Haulizi kama ni kweli, wala haongezi kidogo. Mchezo wote umejengwa juu ya makofi hayo mawili. Bila hayo, ungekuwa vita.

Hapa, msomaji, ndipo ninapoona tofauti kati ya mieleka na ugomvi. Katika ugomvi mmoja humnyang'anya mwenziwe usalama wake. Katika mieleka kila mmoja humkopesha mwenziwe mwili wake, ili wote wawili wajifunze. Siwezi kujifunza kuangusha ila awepo mtu anayekubali kuangushwa nami. Naye hatakubali ila ajue kuwa nitamshusha kwa uangalifu na kumwachia akipiga kofi. Mkopo hurudishwa kama ulivyotolewa. Anayemrudisha mwenzake na mkono uliovunjika kwa sababu hakutaka kuachia, huyo hakushinda, amevunja amana.

Kwa sababu hiyo ziko aibu mbili katika mieleka. Aibu ya kwanza ni ya yule asiyeachia. Aibu ya pili, ambayo watu huisahau, ni ya yule asiyetaka kupiga kofi. Anaumia, anajua kuwa ameshindwa, lakini kiburi chamfunga mkono. Huyu humtwika mwenziwe mzigo usio haki, maana humlazimisha achague kati ya kumuumiza na kumwacha. Methali yetu yasema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu twaitaja methali hii ili kumliwaza aliyeshindwa. Kumbe yasema zaidi ya hayo: kukubali kushindwa ni sharti la kuingia katika shindano.

Sasa turudi kwa wale wanaokataa, maana hatujawajibu. Wasema kuwa ushindi hulevya. Ni kweli, lakini tuulize ni nani anayelewa kwanza. Mwaka 2022 chama cha judo cha Japani kiliyafuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi, yaliyokuwa ya watoto wa darasa la tano na la sita. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba tamaa ya kushinda imepita kiasi. Walimu na wazazi waliwakemea waamuzi. Watoto walishurutishwa kupunguza uzito wa miili yao ili waingie katika daraja jepesi, ilhali wako katika umri wa kukua. Ebu fikiri juu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja anayenyimwa chakula ili baba yake apate kikombe cha kuweka kabatini! Katika kisa hiki aliyelewa ni mtu mzima, na mtoto ndiye aliyelipa.

Kwa hiyo hoja za wanaokataa hazianguki, lakini zahama mahali pake. Zilikuwa zikimwelekea mtoto. Sasa zamwelekea mwalimu na mzazi. Swali halibaki kuwa: je, yafaa mtoto afundishwe mieleka? Lawa: ni nani anayestahili kumfundisha, na kwa masharti gani?

Masharti hayo si mafumbo. Mwalimu awe amefunzwa kazi hiyo na kupimwa. Nchi ya Ufaransa, ambako judo ni mchezo wa watoto wengi sana, iliweka sheria juu ya walimu wa judo tangu mwaka 1955. Watoto wapangwe kwa uzito na ujuzi, asipewe mgeni mikononi mwa fundi. Watoto wadogo wasifundishwe kukaba koo wala kukunja viungo. Katika nchi nyingi mambo hayo yamekatazwa mpaka mtoto akue. Aliyegonga kichwa apumzishwe na kupelekwa kwa daktari, asiambiwe ajikaze. Mlango wa darasa uwe wazi, mzazi aweze kuingia na kutazama wakati wowote, maana mchezo wa kushikana miili wataka macho mengi. Na mtoto anayesema "sitaki leo" asikilizwe. Kama twamfundisha kuwa makofi mawili ya mwenziwe ni amri, basi neno lake mwenyewe nalo liwe amri kwetu.

Pasipokuwa na masharti haya, mimi nasimama pamoja na wanaokataa, na nasema mtoto abaki nyumbani. Yakiwapo, nasema aende.

Huenda ukaniuliza: je, hakuna atakayeutumia ujuzi huu njiani, kumwonea mnyonge? Sitakudanganya. Yumkini atapatikana mmoja. Kalamu nayo humfaa mwandishi wa barua za uongo, wala hatukufunga shule kwa sababu yake. Na zaidi ya hayo, watoto hawakungoja walimu ili waanze mieleka. Wachungaji wadogo hubwagana malishoni, na wanafunzi hubwagana uwanjani kengele ikikawia. Nguvu zimo ndani yao tayari. Jambo tunaloweza kuchagua ni kama zitakutana na adabu au zitakua peke yake kama magugu.

Nami nitakusimulia kisa kimoja cha kweli ili uone adabu hiyo ikizaa. Mwaka 1964 judo iliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mjini Tokyo. Katika shindano lisilo na mipaka ya uzito, Anton Geesink wa Uholanzi, mtu mrefu mwenye nguvu nyingi, alimbana chini Kaminaga Akio, tegemeo la wenyeji, mpaka muda ukaisha. Wajapani waliojaa ukumbini walishikwa na huzuni. Waholanzi wakarukwa na furaha, wakaanza kukimbilia mkekani. Geesink akauinua mkono wake, akawazuia. Hakutaka shangwe ikanyage mahali pa heshima, mbele ya mtu aliyeshindwa. Kisha mchezo ukamalizwa kwa kuinamiana, kama ilivyo desturi. Mkono ule uliwashangaza wenyeji kuliko ushindi wenyewe.

Msomaji, huenda hutavaa kamwe nguo nyeupe za judo wala kufunga mkanda. Lakini kila siku utakuwa na mtu ambaye una nguvu kuliko yeye: kwa mwili, kwa elimu, kwa fedha, kwa cheo, au kwa umri tu, kama ulivyo juu ya mdogo wako. Kila siku kuna mtu anayepiga makofi yake mawili, aghalabu bila sauti, kwa kunyamaza au kuinamisha macho. Je, utayasikia? Na siku utakayokuwa wewe chini, utakuwa na ushujaa wa kupiga kofi, kusimama, kumwinamia aliyekushinda, na kuanza tena?

Mdogo wako angali anangoja jibu. Nenda naye hadi darasani, ukae kando, utazame. Usimtazame anayeangusha. Mtazame mwalimu wakati mtoto anapoanguka. Akikimbilia kumsifu mshindi, mshike mdogo wako mkono mrudi nyumbani. Akimtazama kwanza aliye chini, mwache mtoto ajifunze.