Huruma Yangu Haikumfundisha Kusoma



Leo naandika jambo linalonihusu mwenyewe, na si la kujisifia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la tatu, watoto 78 katika chumba kimoja. Mwaka wangu wa kwanza kazini kulikuwa na mtoto mmoja aliyekaa dawati la nyuma, karibu na dirisha. Kusoma hajui. Ukimuuliza kitu anatabasamu. Sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa usaha na wenzake walimkwepa. Mama yake anauza vitumbua stendi.

Nilimhurumia kweli. Nilimnunulia daftari, nikampa hela ya uji, nikamwombea kwenye jumuiya. Mtihani ulipofika nikamwongezea alama ili asiumie moyo. Yaani nilijiona mwalimu mwema kabisa.

Kisha tukaitwa semina ya siku nne. Mwezeshaji alikuwa amesomea elimu maalumu Patandi, kile chuo cha ualimu kilichopo mkoani Arusha. Akatuambia tuzibe masikio kwa pamba, halafu tukandamize kwa vidole. Akatupa mgongo, akaanza kuandika ubaoni huku anaongea. Baada ya muda akageuka, akatuangalia kama anauliza: mmeelewa? Wote tukatikisa vichwa, tukatabasamu.

Lile tabasamu nililijua. Nililiona kila siku pale dirishani, nikadhani ni uzito wa akili.

Mambo tuliyofundishwa yalikuwa madogo hadi yanatia aibu. Usiongee ukiwa umelipa darasa mgongo. Mkalishe mtoto mbele, sikio lenye nafuu likuelekee. Usimuulize kama ameelewa, mwambie arudie ulichosema. Mtoto anayetoka usaha sikioni apelekwe zahanati, maana usaha usiotibiwa unaweza kula usikivu wake taratibu. Mtoto wa mwenye uwezo anapelekwa wiki ileile. Huyu wangu alikuwa anatiwa mafuta ya nazi, kwa sababu nauli ya kwenda hospitali ilikuwa ndiyo mtaji wa vitumbua.

Sasa swali langu: je, nilitenda dhambi? Rafiki yangu tuliyekuwa naye TYCS anasema hapana, hukujua, na asiyejua hana hatia. Nami nakubali nusu. Chuoni elimu maalumu ilikuwa mada tuliyoikariri kwa ajili ya mtihani tu, na aliyenikabidhi watoto 78 hakuniuliza kama ninaweza. Tangu 2010 Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu inayowapa watoto hawa haki ya kusoma, lakini sheria haiingii darasani kushika chaki. Hata hivyo, mwaka mzima sikuuliza mtu yeyote. Huruma ilinitosha. Kwenye Nakuungamia tunakiri pia kutotimiza wajibu, na siku hizi nikifika pale namkumbuka yule mtoto.

Soma Marko sura ya 7, habari ya yule kiziwi. Nilikuwa naipita haraka nifike kwenye muujiza. Lakini angalia Yesu anaanzaje: anamtoa kwenye umati, anamgusa masikio, anamgusa ulimi. Kiziwi hasikii maneno, basi anasemeshwa kwanza kwa mikono. Hiyo ni huruma inayojua inashughulika na nani.

Na Maria Montessori, ambaye wengi tunamjua kwa shule za chekechea za masista, alianzia hapohapo. Alikuwa daktari, na mwaka 1900 huko Roma alishiriki kuongoza shule ya kuandaa walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Alikuwa ameshaona kwamba watoto wale walihitaji mafunzo yanayowafaa kuliko walivyohitaji dawa. Mwaka 1907 ndipo akafungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Alianza kwa kujifunza, watoto wa mtaani wakanufaika baadaye.

Baada ya semina nilikwenda stendi kwa yule mama. Nikamweleza kuhusu sikio, kisha nikamwambia ukweli kuhusu zile alama. Aliacha kugeuza vitumbua.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilidhani anafaulu."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kumbe huruma yangu ilikuwa imemdanganya mtu pekee ambaye angeweza kuja shuleni kudai haki ya mtoto wake.

Sikio limetibiwa, ingawa usikivu haukurudi wote. Mtoto sasa anakaa mbele kulia kwangu. Juzi alisoma mistari miwili, polepole, darasa likiwa kimya.

Pale dirishani siku hizi anakaa msichana mmoja anayegeuza herufi na kuruka maneno, na kwake bado sijui pa kuanzia. Nimejaza fomu ya kwenda Patandi. Mchumba wangu ananiuliza michango ya harusi itatoka wapi nikienda masomoni, na mpaka naandika hivi sijamjibu.