Pambo Kabla ya Siku

Mwezi wa Oktoba katika Gulwe ni mwezi wa vumbi. Mto wa Kinyasungwe, ambao wakati wa mvua waweza kung'oa reli, huwa mchanga mtupu, na wanawake hufukua visima vifupi ndani ya mchanga huo ili wapate maji. Mibuyu haina jani. Uwele umekwisha kupungua ghalani, na mtu mwenye busara amekwisha kuitenga mbegu yake mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Katika mwezi huo, mwaka uliopita, nilikwenda Gulwe kuwajulia hali wazee wangu, nikaona katika duka moja lisilo mbali na stesheni utepe mwekundu umetundikwa mlangoni. Ndani, juu ya magunia ya sukari, ulisimama mti wa plastiki uliopakwa weupe mfano wa theluji. Siku hiyo ilikuwa tarehe 19 Oktoba. Kati yake na Krismasi zilikuwapo siku 67.

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kicheko changu. Mbele ya duka alisimama bibi mmoja, jirani wa nyumba yetu, ameshika mkono wa mjukuu wake wa miaka mitano. Niliwaamkia, "Mbukwenyi," bibi akaniitikia. Lakini mtoto hakunisikia, kwa kuwa macho na masikio yake yote yalikuwa juu ya ule mti. Akauliza, "Bibi, Krismasi ni kesho?" Bibi akajibu, "Bado, mjukuu wangu." "Kesho kutwa?" "Bado." Nilinunua kibiriti nilichokwenda kununua nikaenda zangu, walakini neno lile "bado" lilifuatana nami njia nzima, nalo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Yamkini wasomaji watastaajabu kwamba jambo dogo kama hili laletwa mbele yao. Mapambo ya duka! Hapana sheria inayoyakataza, wala sitamani itungwe. Kila mtu ana mlango wake, na mwenye mlango ana hiari ya kutundika atakacho. Nami nilijiambia hivyo. Lakini pambo la sikukuu si rangi tupu. Rangi ya ukuta haisemi neno. Utepe wa Krismasi husema, na neno lake ni kuwa siku imekaribia. Mtu mzima hulisikia neno hilo, akaitazama kalenda, akalipunguza. Mtoto hana kalenda. Yeye husoma dalili: wingu likitanda, mvua, moshi ukitoka jikoni, chakula, utepe ukitundikwa, sikukuu. Je, pambo laweza kusema uwongo? Wako watakaosema kuwa uwongo ni kazi ya ulimi peke yake. Mimi naona laweza, kama vile ngoma ya harusi iwezavyo kudanganya ikipigwa mahali pasipo na bibi arusi.

Maadamu kazi yangu ni lugha, na niruhusiwe kukaa kidogo juu ya maneno mawili. La kwanza ni sikukuu. Ni siku, nayo ni kuu. Wala ukuu huo hauna asili nyingine ila kwamba siku zilizoitangulia zilikuwa ndogo. La pili ni msimu. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, nao walilitumia kwa majira maalumu ya mwaka. Na katika bahari yetu likawa neno la pepo, kaskazi na kusi. Nahodha wa jahazi alijaza shehena yake akangoja. Hakuweza kuuambia upepo uje mapema kwa sababu mkopo wake umekaribia kulipwa. Biashara ilingoja msimu. Siku hizi msimu waingoja biashara, na neno ni lile lile. Ni watu waliobadilishana nafasi nalo.

Hata leo yako mambo ambayo mwenye duka hajapewa mamlaka juu yake. Katika Unguja na Dar es Salaam, nguo za Idi huonekana madukani wakati wa Ramadhani, na wauzaji hupaza sauti sana katika kumi la mwisho. Lakini hapana muuzaji awezaye kusema, "Kesho ni Idi." Mwezi lazima uandame. Watu hutazama magharibi, au hungoja habari kutoka kwa wanaoaminiwa; na wakati mwingine hutokea hitilafu kati ya wanaofuata mwezi ulioonekana hapa na wanaofuata ulioonekana Maka, mji mmoja ukala Idi kwa siku mbili. Hitilafu hiyo huwaudhi wengi. Mimi huiona kuwa ina heshima yake, maana watu hugombana juu ya mwezi, si juu ya bei. Na Wakristo, ambao walipata kituo cha misheni katika Mpwapwa tangu mwaka 1876, nao wana ngojo lao. Kanisa lina Jumapili nne za Majilio, na nguo za madhabahu huwa za zambarau, rangi ya kujiandaa. Kwa hiyo kanisa, ambalo lina haki juu ya siku ile kuliko duka lo lote, hungoja. Duka, ambalo limeiazima tu, halingoji.

Ingekuwa udhalimu kumhukumu mwenye duka bila ya kumsikiliza. Nilimwendea kesho yake. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, mwepesi wa hesabu, na jibu lake lilikuwa bora kuliko swali langu. "Mwalimu," alisema, "mshahara wako haungoji mvua. Mimi nimekopa. Bidhaa hizi nimezichukua Kariakoo mwezi wa tisa, kwa kuwa mwezi wa kumi na mbili bei hupanda na mizigo huchelewa. Nikizificha stoo, panya watakula Krismasi kabla ya Wakristo." Nilicheka naye. Kisha akaongeza neno ambalo halikuwa la kuchekesha: "Tena watu wa hapa huwa na fedha wakisha kuuza ufuta na alizeti. Ikifika Desemba hawana kitu. Nikingoja Desemba, nimuuzie nani?"

Sehemu ya kwanza ya jibu lake naikubali bila ya shaka. Mtu wa Gulwe ana sababu ya kuleta mzigo mapema. Desemba mwaka 2009 na Januari mwaka 2010 mafuriko yaliiharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na garimoshi halikupita kwa miezi. Siku hizi malori ni mengi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache. Lakini aliyepata kuona njia ikikatika hujifunza kuweka akiba. Tena muuzaji wa Gulwe ni mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu. Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya ulimwengu hutengenezwa katika mji wa Yiwu, Uchina, na wafanyakazi wake huyafunga katika makasha wakati wa joto la Julai na Agosti. Kwao Krismasi imekwisha kupita kabla yetu hatujavuna ufuta wote. Sasa ni nani aliyeanza haraka hii? Si kijana wangu wa stesheni.

Lakini kuleta mzigo si kutundika utepe. Jambo la kwanza ni akiba, la pili ni wito. Na sehemu ya pili ya jibu lake, iliyoonekana kuwa na nguvu kuliko zote, ndiyo iliyonisikitisha. Ni kweli kwamba fedha ya Mgogo iko mkononi mwake baada ya mavuno, na Desemba haipo. Lakini haipo kwa sababu gani? Mvua ya Dodoma ni kama milimita 500 au 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, ikipenda. Fedha ya mavuno lazima ivuke kiangazi chote, inunue mbegu, ilishe nyumba mpaka uwele mpya ukomae, na katikati ya safari hiyo iko Januari yenye sare na madaftari ya shule. Nchi hii ilipata njaa iliyoitwa Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, na wazee walituachia jina lake ili tusisahau kuhesabu miezi. Kumwita mtu kwenye sikukuu wakati akiba yake ingali mkononi, kwa sababu unajua kwamba baadaye haitakuwapo, ni kuwahi mbele ya njaa yake na kuchukua sehemu yake kwanza. Sisemi kwamba kijana yule alikusudia hivyo. Nasema kwamba hesabu yake ilikusudia kwa niaba yake.

Iko hoja nyingine inayonipinga, nayo yatoka mtini. Mti ule wa maua mekundu ambao watu wengi huuita mkrismasi huanza kuchanua Oktoba au Novemba, na ukifika mwezi wa Desemba umewaka wote. Hapana mtu aliyepata kuulaumu kwamba umepamba mapema. Wanafunzi wangu waliponiletea hoja hii darasani nilifurahi, na kwa muda sikuwa na jibu. Sasa nadhani ninalo. Mkrismasi hauna bei juu ya ua lake. Mtoto akiutazama hapati deni, na bibi yake hapati swali. Basi ubaya haumo katika wekundu wa Oktoba. Umo katika wekundu unaodai.

Wala jambo hili si la maskini peke yao. Marekani mwaka 1939, sikukuu yao ya Kushukuru, ambayo kwa desturi ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba, ingeangukia tarehe 30. Wenye maduka makubwa waliona kwamba siku za kununulia vitu vya Krismasi zingekuwa chache, kwa sababu iliaminiwa kuwa si adabu kuanza Krismasi kabla ya Kushukuru. Rais Roosevelt akaisogeza nyuma kwa juma moja, ikawa tarehe 23. Majimbo mengine yalifuata, mengine yakakataa, na Texas ikazishika zote mbili. Mwaka 1941 Bunge lao lilifunga mjadala kwa sheria ya Alhamisi ya nne. Nalikumbuka tukio hili kwa ajili ya jambo moja lililofichika ndani yake: wafanyi biashara wale waliona wakati ule kwamba kuna mpaka, wakaomba mpaka usogezwe. Wa leo hawaombi.

Basi lini? Nimejaribu kutafuta tarehe moja ya wote nimeshindwa, na naona kushindwa huko ni haki. Katika Mlimani City ya Dar es Salaam, ambako wanunuzi wengi hupokea mshahara kila mwezi, nyimbo za Krismasi za Novemba huumiza masikio tu. Katika Gulwe huumiza ghala. Kosa lile lile huwa kubwa au dogo kwa kadiri ya uwezo wa yule anayeitwa kuitika au kukataa. Lugha yetu yenyewe haikukata shauri. Yasema kuwa subira yavuta heri, kisha yasema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwenye duka na mnunuzi kila mmoja huchagua methali yake. Kwa Gulwe nilipendekeza hivi: bidhaa ziuzwe wakati wo wote kwa anayeziulizia, lakini utepe usitundikwe mpaka mbegu imekwisha kuingia ardhini.

Nilimweleza kijana yule. Alifikiri, akaniuliza, "Na mvua ikikataa, Mwalimu? Sikukuu isije?"

Sikuwa na jibu, na sina hata leo. Mwaka wa ukame ndio mwaka ambao watoto wana haja kubwa ya kuona kitu kinachong'aa, na kanuni yangu ingewanyima. Nikamwambia basi afuate Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo haiangalii mawingu, nayo huwa kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Akasema atafikiri. Nilipopita jioni alikuwa ameurudisha mti ndani, nyuma ya mapipa ya mafuta. Utepe aliuacha mlangoni, akaniambia kwamba utepe ni mwembamba.

Nilirudi Gulwe Januari. Mjukuu wa jirani yetu alikuja kuniamkia amevaa gauni la manjano lenye riboni, ambalo lilikwisha kufifia mabegani kwa kuvaliwa kila siku. Bibi yake aliniambia kwamba alilipa arubuni katika Novemba, mtoto alipoacha kuuliza. Nikamwuliza kwa nini hakungoja mtoto anyamaze kabisa. Akasema, "Alikuwa amekwisha kunyamaza, baba. Ndiyo sababu nikanunua." Mvua ya kupandia ilikuwa imenyesha. Tulikwenda pamoja kulitazama shamba lake, na nusu yake ilikuwa imeota vizuri, mistari imenyoka. Nusu ya pili ilikuwa ardhi iliyolimwa, safi, haina kitu.