Sehemu ya Tano ya Dozi: Je, Ni Haki?



Wengi wenu mmetuuliza: je, ni haki kumpa mtu sehemu ya tano ya dawa, wakati mtu wa inchi ingine hupewa nzima?

Tukumbuke mambo yenyewe. Homa ya manjano, ambayo huletwa na mbu, iliwaka Luanda katika Angola mwezi wa Desemba 2015, kisha ikavuka mpaka mpaka Kinshasa. Akiba ya chanjo ya dunia ilikuwa dozi milioni 6 tu, nayo ikaisha. Chanjo hii haifanywi upesi: virusi vyake hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, kazi ya karibu mwaka mzima. Basi mwezi wa Agosti 2016, dozi moja ikachanja watu watano. Watu zaidi ya milioni 7 wa Kinshasa walipigwa sindano hiyo ndogo. Wamama wenye mimba na watoto wasiofika miaka 2 walipewa nzima.

Wako waliokumbuka mikate mitano na samaki wawili. Sisi tunaona mfano huo haufai hapa. Kule chakula kiliongezeka. Huku hakuna kilichoongezeka. Ilijulikana tu kwamba dozi nzima ina nguvu kupita ile inayohitajika. Ilijulikanaje? Kwa vijana wanaume wa jeshi la Brazili, waliojaribiwa mwaka 2009. Mama wa Kinshasa na mtoto wake wa miaka 3 hawakuwamo katika hesabu ile. Hapo ndipo uzito wa swali ulipo.

Mama mwenye samaki mmoja na watoto watano hatukanwi kwa kugawa. Angengoja samaki wengine, watoto wangelala njaa. Na homa hii haingoji. Lakini mama yule huwaambia watoto wazi kwamba samaki ni mmoja. Kwa hiyo sisi tunasema kugawa kulikuwa haki, mradi anayenyoosha mkono aambiwe anachopewa. Baadaye waganga walipima damu: kati ya wale ambao hawakuwa na kinga mbele, 98 kwa 100 walikuwa nayo baada ya mwezi mmoja. Hiyo ni furaha, lakini ilijulikana nyuma ya sindano, si mbele.

Wengine wananung'unika kwamba Mwafrika hutupiwa makombo. Wajue kwamba chanjo hii si sadaka. Mwaka 1927, katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, damu ilitolewa kwa mgonjwa mmoja aitwaye Asibi. Yeye alipona. Virusi vya damu yake ndivyo Max Theiler na wenzake walivyodhoofisha kule New York katika miaka ya 1930, na Theiler akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1951. Dozi zinazotumiwa leo, ziwe nzima ziwe sehemu, zimetoka katika damu ile. Anayedai nzima hadai cha mtu.

Jambo moja lingali linatuuma. Mwaka ule, aliyepata sehemu ya tano hakuweza kupewa kadi ya manjano ya kusafiria. Sheria ya safari ilidai dozi nzima. Mwilini alikuwa na kinga, mpakani akahesabiwa kama asiyechanjwa. Ikiwa sehemu ile ilitosha kumlinda yeye na jirani zake, kwa nini haikutosha kwenye karatasi?