Mvua ya Aprili Budalangi Si Ngeni

Wanangu, Mto Nzoia haujabadili tabia. Unashuka kutoka Milima ya Cherangani na Mlima Elgon, unachota udongo wa mashamba ya watu njiani, na ukifika huku kwetu Budalangi, kwenye tambarare karibu na Ziwa Victoria, unapunguza mwendo na kuutua mzigo wake. Sakafu ya mto inainuka. Tuta la kuzuia mafuriko nalo linadidimia, ng'ombe wanalikanyaga, fuko wanalitoboa. Kisha Aprili inafika, na tunaambiwa tena kwamba mvua imewashtukiza wakubwa. Mimi hutabasamu tu. Masika ni masika tangu nikiwa mtoto.

Tuta lisipokarabatiwa mapema, vijana wengi huilaumu sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kwamba zabuni zinachukua muda mrefu mno. Hebu tuhesabu polepole. Kutathmini zabuni kumepewa siku zisizozidi 30. Mshindi akishajulishwa, mkataba hautiwi saini hadi siku 14 zipite, ili aliyekosa kazi apate nafasi ya kulalamika. Akilalamika, bodi ya mapitio ina siku 21 za kuamua. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Tangazo likitoka mwezi huo, hata akitokea mlalamishi, kwa kawaida mkandarasi atapatikana kabla Desemba haijaisha, na Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu, atamwaga udongo tabaka kwa tabaka, aushindilie, apande nyasi. Tuta la namna hiyo hudumu.

Sheria hailali; faili la tuta huko ofisini ndilo hulala. Likiamka Machi, maji yako mlangoni, na mlango uliobaki ni ule wa dharura: kumpa kazi mtu mmoja bila kushindanisha bei. Sheria inauruhusu, na ni haki iuruhusu, kwa kuwa maafa ya kweli hayangoji tangazo. Ila mama anayengoja hadi watoto walie njaa usiku ndipo atume dukani, hununua unga kwa bei atakayotajiwa. Na kuna baya zaidi ya bei: magunia ya mchanga yanayotupwa kwenye maji yanayokwenda kasi, nani atayahesabu? Maji yakishuka, magunia hayapo. Malipo yameshatoka. Mei 2020 mto ulipovunja kingo, watu wa hapa waliondoka na magodoro kichwani, na mpunga ukabaki chini ya maji.

Najua kinacholaza faili. Afisa anaogopa kuwa wa kwanza kutia saini, maana saini ndiyo itakayoulizwa na wakaguzi. Mhandisi hajapewa gari la kwenda kupima. Kiongozi naye hupata sifa akigawa blanketi, wala hakuna anayempigia makofi kwa mafuriko ambayo hayakutokea. Simlaumu sana yeyote kati yao. Hata sisi tunaochunga ng'ombe juu ya tuta tunajua tunachofanya, na bado tunachunga. Kuikata kazi vipande vidogo ili kuikwepa zabuni, hilo ni jambo jingine: sheria inalikataza waziwazi.

Sasa, baraza la bajeti likiitishwa, nendeni. Acheni kuuliza yatakuja magunia mangapi. Ulizeni kama tuta limepimwa, sehemu zipi zimeoza, na tangazo la zabuni litatoka tarehe gani. Mkipewa tarehe, iandikeni. Agosti mrudi ofisini mkaulize tena, kwa adabu, hata kama mtakuwa wawili tu.