Kondoo Mmoja, Kondoo Mia

Njoo ukae hapa mkekani, mjukuu wangu, na hilo daftari lako njoo nalo. Nimefundisha Kiingereza mpaka chaki ikanimaliza sauti, nikadhani nikistaafu nitaachana na hawa "sheeps". Kumbe wamenifuata hadi barazani, wamo humo daftarini mwako.

Sikugombezi. Nguvu za kugomba sina tena. Nakuuliza tu: ulipokuwa mdogo ukisema "wakondoo", si mama yako alicheka, akakusahihisha, ukaacha? Akitoka zizini mmoja, ni kondoo. Wakitoka mia, ni kondoo. Basi na "sheep" ni hivyo hivyo. Jambo unalolijua tangu unanyonya, kwa nini likupige chenga likivaa kofia ya Kizungu?

Wingi tunautambua wapi, kama jina halibadiliki? Kwa maneno yanayoandamana nalo. Kondoo huyu amepotea. Kondoo hawa wamepotea. Mwingereza naye: "This sheep is lost", "These sheep are lost". Jina limetulia, jirani zake ndio waliobadilika. Wewe umeiondoa "s" ukurasa wa pili, nikafurahi, kisha ukaandika "Two sheep is eating". Umefunga dirisha, mlango ukauacha wazi. Sema "Two sheep are eating". Na kwa kuwa kondoo huhesabika, ni "many sheep", si "much sheep".

Ila usiuamini undugu huu mpaka mwisho. Sisi tukisema "alikunywa" au "walikunywa", idadi imeshajulikana. Wao wakisema "The sheep drank", hujui kama ni mmoja au kundi zima. Hapo msaidie msomaji: "One sheep drank", "All the sheep drank". Na ukiiona "s" nyuma ya ritifaa, kama "the sheep's wool", usishtuke. Hiyo haihesabu kondoo, inataja mwenye sufu.

Utaniuliza, mbona mbuzi ni "goats"? Wahubiri husema iko siku kondoo watatengwa na mbuzi. Katika sarufi ya Kiingereza, siku hiyo ilishafika: "five goats and five sheep". Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, Kiingereza cha kale kilikuwa na kundi la majina yasiyobadilika katika wingi. "Sheep" alikuwemo, "deer" alikuwemo, na hata farasi alikuwemo. Baadaye farasi akahama, akawa "horses". "Sheep" na "deer" wakabaki walipozaliwa. Ni desturi ya ukoo, mwanangu, na desturi ya ukoo wa watu hubishani nayo, unajifunza, basi.

Kwa hiyo sisemi kwamba hujui. Kosa lako ni kuijua kanuni moja, ukaifanya fimbo ya kuchungia kila mnyama. Nimeona watu wazima, wenye shahada zao, wakiibandika "s" kwa hofu tu, wasije wakaonekana hawajui wingi. Hofu haifundishi lugha.

Haya, kaziandike upya sentensi zako. Za zamani usizifute. Zipige mstari mmoja, uwe unaziona. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, kila sentensi iseme kwanza kwa Kiswahili: huyu, au hawa? Ukishajibu, "sheep" mwache alivyo, ukatafute kitenzi chake.

Taratibu. Nimewasubiri wengi kabla yako. Jioni moja zaidi hainiumizi.