Mti wa Ukutani na Mti wa Uani

Katika miji yetu ya Migori na Homa Bay imekuwa desturi kwamba nyumba haihesabiwi kuwa imetimia mpaka ukuta wa sebule upate picha. Zamani ilitosha kalenda iliyotolewa dukani. Mwaka ukiisha, tarehe zilikatwa zikatupwa na picha ikabaki. Siku hizi wako ndugu wanaozikusanya hasa picha za chapa: misitu, milima yenye theluji, njia ipitayo baina ya miti iliyogeuka rangi ya dhahabu. Nyingine zimenakiliwa kutoka kazi za mabingwa wa Ulaya na Japani, zikatiwa fremu na kioo. Juu ya desturi hii huulizwa mara kwa mara: Je, ni halali? Sisi twaona kuwa jawabu la swali hilo si gumu, na kwamba nyuma yake liko swali zito zaidi, ambalo ni wachache wanaoliuliza.

Na tuanze na lile jepesi. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamweleza kuwa riziki yake yatoka katika kazi ya mikono yake, nayo ni kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsimulia onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.) juu ya wenye kutengeneza sura, na yule mtu akaingiwa na hofu hata uso ukambadilika. Ibn Abbas hakumwacha katika hofu hiyo. Alimwonyesha kwamba, ikiwa hana budi na kazi yake, basi ashike miti na kila kitu kisichokuwa na roho. Hii ndiyo hoja walioishika wanazuoni walio wengi. Mujahid, naye ni mwanafunzi wa Ibn Abbas mwenyewe, aliuchukia mchoro wa mti wenye matunda. Lakini Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amemnukuu Kadhi Iyadh kuwa hakuna mwingine aliyesema hivyo.

Vitendo vya Waislamu pia vyashuhudia. Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus ulijengwa katika ukhalifa wa Walid bin Abdul-Malik (705–715), na kuta zake zikapambwa kwa vijiwe vya rangi vilivyopangwa vikawa miti, mito na majumba, pasipo mtu wala mnyama. Na kwetu pwani, milango ya Lamu ilichongwa maua na majani na wazee wacha-Mungu, ambao hakuna awezaye kuwatuhumu kuwa walitaka kuabudu ubao. Basi anayemharamishia nduguye picha ya msitu kwa kuwa tu ni picha, amejitwika mzigo asiotwikwa.

Lakini, ndugu msomaji, kusema jambo ni halali si kusema kwamba hatutaulizwa juu yake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) aliswali katika shuka yenye nakshi, alipokwisha akaamuru irudishwe kwa Abu Jahm, na badala yake aletewe shuka isiyo na nakshi, kwani ile ilimshughulisha katika sala yake. Katika shuka ile ubaya uko wapi? Nakshi zake hazikuwa sura za viumbe. Alichokiangalia Mtume ni athari yake moyoni. Huku ndiko kutufundishwako kupima: baada ya kujua kitu ni nini, tutazame chatufanya nini. Na hilo ndilo swali zito: hii picha ya mti, mwenye nyumba yamfanya nini?

Yaweza kumfanyia wema mkubwa, wala hatuukatai. Mchoraji Hokusai wa Japani, katika miaka ya 1830, alitoa mfululizo wa picha za mlima Fuji zilizopigwa chapa kwa mbao, zikauzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Mlima ni ule ule mmoja, lakini mara waonekana nyuma ya mashua, mara juu ya mapaa ya nyumba, mara mdogo kabisa chini ya wimbi. Aliyezitazama kwa makini hujifunza kwamba jicho ni mvivu, na kwamba kitu apitacho mbele yake kila siku hajakiona hata theluthi. Mtu kama huyo akitoka nje asubuhi Homa Bay, akakiangalia kilima cha Asego ukungu ukikiacha polepole, atamsabihi Mola wake kwa moyo uliohudhuria. Picha hapo imekuwa mwalimu, na mwalimu hujulikana kwa mwanafunzi anapotoka darasani.

Yaweza pia kumfanya kinyume cha hayo: ikawa udhuru wa kutotazama. Hili ndilo tunaloliogopa. Kuta zetu zimejengwa kwa nini? Nyingi ni za matofali ya kuchoma, na tanuri la matofali hula kuni siku na usiku. Basi ukuta uliotundikwa picha ya mti, huenda tofali zake ziliiva kwa mti uliokuwa umesimama karibu na hapo. Ongeza mabanda ya kukaushia tumbaku katika Migori na Kuria, ongeza makaa, ongeza moshi wa kukausha samaki kando ya Ziwa. Kazi hizi ni riziki za watu, wala hatumlaumu mwenye njaa. Twamlaumu yule aliyeshiba, aliyekata mkuyu wa langoni mwake ili gari lipate kugeuka, kisha akaingia ndani akatundika msitu wa karatasi na kuwaambia wageni kuwa yeye apenda miti. Apendaye kitu hukihifadhi. Huyu apenda rangi ya kijani, na kati ya hayo mawili pana umbali.

Tena liko jambo la pili. Mtoto akikua akiona kila siku theluji na misonobari imewekwa mahali pa heshima, na kilichoko nje ya dirisha hakitajwi ila kwa kukatwa, atajifunza bila kuambiwa kwamba uzuri uko nchi za watu. Ilhali karibu na Kendu Bay liko ziwa la Simbi Nyaima, na wazee wa Kiluo husimulia kuwa palikuwa na kijiji kilichozama kwa kumnyima hifadhi bibi kizee aliyefika usiku. Katika Migori ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila ya udongo wala saruji, zikaingizwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Na katika kisiwa cha Mfangano iko michoro ya kale miambani, duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Hatusemi tuige itikadi za waliochora. Lakini tufahamu kwamba mandhari ya nchi ina habari, na aliye mwenyeji wake hudaiwa kuijua. Picha ya Simbi isiyosimuliwa habari ya yule bibi ni picha ya maji tu.

Huenda mtu akapinga: “Mwasema hivyo nyinyi wenye viwanja. Mama mwenye kupanga chumba kimoja cha mabati karibu na machimbo ya dhahabu ya Macalder, apande mti wapi? Msitu wake ni huo wa karatasi, nao humpumzisha jioni.” Amesema kweli, na hoja yake twaipokea. Mama huyo picha yake ni rehema kwake, wala hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya hata kwa maneno. Wajibu hufuata uwezo. Wenye uwezo ni wenye viwanja, na katika hao ni sisi wenyewe: misikiti yetu ina viwanja, madrasa zetu zina viwanja, na mingapi ya viwanja hivyo ni vumbi tupu ambamo watoto husoma juani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 69, yaiagiza dola ifanye kazi kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Muislamu amepewa agizo kubwa kuliko hilo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa apandaye mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mti wa karatasi haulishi mtu, wala ndege hajengi kiota ndani ya fremu.

Basi shauri letu ni hili. Atakaye kutundika picha ya mti na aitundike, kwa kiasi, bila ya fahari wala israfu, na mahali pasipomshughulisha mwenye kuswali. Lakini kila picha moja aihesabu kuwa ni deni la mti mmoja: mkuyu, mwembe, siala, au wowote uotao vyema katika udongo wetu, apande kwake, na kama hana kwake, apande msikitini. Kisha amwagilie kiangazi chote, kwani kupanda ni kazi ya siku moja na kulea ni kazi ya miaka. Deni likilipwa, picha itakuwa ukumbusho wa kilichoko uani. Lisipolipwa, itabaki kuwa kaburi zuri la kitu kilichokatwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.