Ngoma Ivumayo: Ghadhabu, Kelele na Haki ya Kujibu

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo haidumu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mwenye makuu, lakini ndani yake mna hukumu nyingine: kwamba sauti inayopita kiasi ina kasoro ya kimaadili, wala si ya kuudhi masikio tu. Makala haya yanakusudia kuichunguza hukumu hiyo. Swali letu ni hili: je, kazi ya sanaa inayomshambulia msikilizaji kwa makusudi, kwa ukali wa mdundo na wa maneno, yaweza kuwa njema kimaadili? Na kama yaweza, ni kwa sharti gani?

Kwa msomaji wa Kakamega, swali hili si la nadharia tupu. Disko matanga, yaani burudani ya usiku kucha inayopigwa kwa spika kubwa nyumbani kwa wafiwa, zimepigwa marufuku na maafisa wa utawala mara kwa mara katika eneo la Magharibi mwa Kenya, kwa hoja kwamba huwaponza vijana, hususan wasichana. Wakati huohuo, wahakiki wa muziki huzisifu albamu zilizojengwa kwa malighafi iyo hiyo, yaani besi nzito, mdundo wa densiholi ya Jamaika na sauti za vitisho. Ama sisi wasomi ni ndumakuwili, ama ipo tofauti ambayo bado hatujaitaja. Tunadai kwamba tofauti ipo, lakini haimo katika kiwango cha sauti. Imo katika nafasi aliyoachiwa msikilizaji ya kujibu.

Mfano wetu mkuu ni albamu ya *London Zoo*, iliyotolewa mwaka 2008 na Mwingereza Kevin Martin kwa jina la The Bug. Tumeichagua kwa kuwa ni miongoni mwa kazi kali mno za densiholi na dabu ya kielektroniki, na pia kwa kuwa njia ya mtunzi huyu ilikuja kukutana na ya Mkenya, kama tutakavyoona.

2.0 Msikilizaji kama chombo

Mjadala wa maadili ya muziki kwa kawaida huanzia kwa Plato. Katika kitabu cha tatu cha *Jamhuri*, anaifukuza mitindo ya maombolezo na ya ulegevu, lakini anaubakiza ule unaoiga sauti ya shujaa vitani. Kwa hiyo hata Plato hakuuharamisha ukali. Alichoogopa ni kuyeyuka kwa nafsi. Naye Tolstoy, katika *Sanaa ni Nini?*, alishikilia kwamba sanaa huambukiza hisia kutoka kwa msanii hadi kwa hadhira. Ikiwa ndivyo, mwenye kuambukiza hasira ana hatia sawa na mwenye kueneza maradhi. Aristotle anaelekea upande mwingine: tamthilia ya tanzia huamsha huruma na hofu, kisha huzitakasa.

Wanafikra hawa wanapingana, lakini wana jambo moja kwa pamoja. Kwa wote watatu, msikilizaji ni chombo, kiwe cha kufinyangwa, cha kuambukizwa au cha kusafishwa. Hakuna anayemwona kama mtu anayeweza kugeuka na kumjibu msanii. Hapo ndipo sanaa simulizi ya Kiafrika inapotupa msingi tofauti, na tutaurejelea baadaye.

3.0 Kutoka hasira hadi hukumu

*London Zoo* ina nyimbo 12. Wa kwanza, ulioimbwa na Tippa Irie, unaitwa “Angry”, yaani mwenye hasira. Wa mwisho, wa Ricky Ranking, ni “Judgement”, yaani hukumu. Mpangilio huu una maana. Hasira ikiachwa peke yake ni hali ya moyo. Ikielekezwa kwenye hukumu, inageuka kuwa dai, na dai humhitaji mtu wa kulisikiliza na kulipinga. Katikati ya albamu, baada ya mashambulizi mfululizo, unatokea wimbo wa upole wa Roger Robinson, mshairi ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya T. S. Eliot ya mwaka 2019. Upole huo ni pumziko linalomrudishia msikilizaji uwezo wa kufikiri.

Si kila wimbo unaostahili utetezi huu. “Skeng”, neno la mtaani la asili ya Jamaika lenye maana ya silaha, hasa bunduki, ni kitisho kisicho na kisa. Tunashikwa na nguvu yake ya kifani huku tukijua kwamba katika kitisho hicho aliyeelekezewa silaha hana neno la kusema. Mhakiki mwaminifu hana budi kukiri yote mawili: ufundi upo, na dosari ipo.

Mbinu ya dabu yenyewe inatupa mwanga zaidi. King Tubby, fundi wa vifaa vya umeme mjini Kingston, aliuchukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, akaiondoa sauti ya mwimbaji kwa vipindi, akabakiza ngoma na besi na kuziongezea mwangwi. Katika pengo lililobaki, mghani wa papo kwa hapo aliweza kuingiza maneno yake. Dabu basi ni sanaa ya kuacha nafasi. Albamu ya *Disconnect* ya mwaka 2024, aliyoitunga Martin pamoja na KMRU wa Nairobi, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri Joseph Kamaru, inalidhihirisha hili: besi ni nzito vilevile, lakini mwendo ni wa taratibu na ukimya ni mwingi.

4.0 Isukuti

Msingi tuliouahidi uko karibu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, si ngoma ya upole. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, hupigwa pamoja na pembe na vyuma. Fahali wa kupigana husindikizwa nayo uwanjani, na mazishini huvuma hadi vijiji vya jirani. Lakini mwimbaji kiongozi hatoi neno lisiloitikiwa, na safu za wanaume na wanawake hujibu kwa sauti na kwa miguu. Ukali wa isukuti ni wa watu wote, kwa kuwa kila aliyepo ana zamu.

5.0 Pingamizi

Msomaji anaweza kupinga kwamba albamu ni kitu kilichokwisha kukamilika na hakuna anayeweza kuijibu. Ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo, anayeisikiliza chumbani mwake anaweza kuizima, kuihakiki au kutunga kazi ya kuipinga. Jirani wa disko matanga hawezi, na msichana anayevutwa gizani huku spika zikimeza sauti yake hawezi kabisa. Hiyo ndiyo dhuluma, nayo isingepungua hata kama spika zingepiga nyimbo za dini. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele hupima desibeli, na sheria haina budi kupima kinachopimika. Maadili, kwa upande wake, huuliza ni nani aliyenyimwa kusikika.

Hoja hiyo inatufunga sisi pia. Amri ya kupiga marufuku nayo ni sauti isiyosubiri jibu. Kijana ambaye hana zamu katika mazishi ya nduguye, asiyeitwa kuongoza wimbo wala kutoa neno, ataitafuta zamu hiyo mbele ya spika. Kumnyang’anya spika bila kumpa nafasi nyingine ni kumnyamazisha mara mbili.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ukali katika sanaa si dhambi, wala si ushujaa. Ghadhabu ina haki ya kuvuma pale inapomtambua anayeisikia kuwa ni mtu mwenye kinywa. Mhakiki anayeisifu albamu kali na mzee anayelaani disko wanapaswa kuulizwa swali moja: baada ya mdundo huu, ni nani atakayepewa nafasi ya kusema? Penye jibu la swali hilo, ngoma na ivume.